Ufa wa Isyesye

Tulikwenda kuitazama Jumamosi moja ya Julai,
baridi imetukaba mpaka kwenye meno,
Mlima Loleza umejitanda ukungu kama mgonjwa blanketi.
Vyumba vitatu, bati la rangi ya chai,
uani mparachichi na banda la kuku lisilo na kuku.
Mume wangu Anyitike akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua tikiti sokoni Mwanjelwa.
"Tofali za kuchoma," akasema.
Hakusema nzuri, hakusema mbaya.

Sebuleni, juu ya dirisha, ufa.
Uliteremka kutoka kwenye lenta kama mto kwenye ramani,
na kando yake vistari vya penseli:
Machi 2009. Novemba 2011. Mei 2016.
Mama Tumpe hakuuficha kwa kalenda
kama wafanyavyo wauzaji wengine.
"Kila mvua zikikatika naupima," akasema.
"Tangu tarehe hiyo ya mwisho
haujasogea hata kwa unene wa unywele.
Milioni thelathini na nane. Pesa ya ufa nimeshaitoa."

Kurudi, hatukuongea mpaka Mafiati.
Kisha yeye: "Usipoziba ufa utajenga ukuta."
Mimi: "Na ufa uliokwisha kuchoka wenyewe?"
Yeye: "Mwanaume hujenga."
Mimi: "Miaka kumi na mmoja tunapanga kujenga,
miaka kumi na mmoja tumepanga kwa watu."
Tukacheka, lakini si sana.

Maana kiwanja tunacho, kule Itezi,
na tofali elfu sita tulizochoma mwaka aliozaliwa Lugano.
Mvua imezilamba pembe, nyasi zimeota juu yake,
mbuzi wa jirani hupanda pale
akatukagua kama mkandarasi.
Lugano sasa yuko darasa la tatu.
Tofali hazikui.

Usiku ule nilipiga hesabu kwenye daftari lake la zamani:
saruji, nondo, mchanga lori saba, kokoto,
fundi, fundi wa kumrekebisha fundi,
maji ya kumwagilia zege,
mlinzi wa kulinda saruji,
mtu wa kumlinda mlinzi.
Jumla ikanipita. Nikafuta. Ikanipita tena.
Ukurasa wa pili niliandika: Isyesye, 38.
Namba moja tu, imekaa peke yake,
imetulia kama mtu aliyeshiba.

Lakini nilipofumba macho sikuwa Isyesye.
Nilikuwa Itezi, natoboa dirisha la jiko upande wa mashariki,
nipate jua la asubuhi mwezi wa sita,
mahali ambapo nyumba zote tano tulizopanga
zilikuwa na ukuta.

Sikumwambia Anyitike.
Nilimwacha adhani ameshinda.

Ile ya Mama Tumpe aliinunua mtu wa viazi kutoka Tunduma.
Wiki ya pili akapiga plasta, akapaka rangi ya maziwa;
tarehe zote zikazama humo.
Nilipita, nikaona, nikaumia
kama mtu aliyeuza kitu ambacho hakikuwa chake.

Sisi tulihamia kabla ya dari,
kabla ya milango ya ndani, mapazia ndiyo milango,
kikohozi cha mmoja ni cha wote.
Deni la bati bado linatusalimia kila mwisho wa mwezi.
Ila dirisha la jiko lipo.
Jua huingia saa moja na robo,
hukaa kidogo juu ya sufuria ya uji,
huenda zake.

Mvua za pili zilipokatika,
juu ya dirisha hilo hilo
ufa, mwembamba kama uzi wa buibui.
Anyitike alishashika mwiko, anatafuta saruji iliyobaki.
"Subiri," nikasema,
nikamwita Lugano alete penseli
na aniambie leo ni tarehe ngapi.